Ukungu Kwenye Vanishi ya Bi Masizi

Ijumaa tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa uchakavu katika karakana yetu ya modeli anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye faili lake kuna jina alilopewa na wazazi wake, lakini hapa kazini halijulikani sana. Mtu akipiga simu na kuliulizia, mapokezi humjibu kwamba hatuna mfanyakazi kama huyo. Sisi tunamjua kama Bi Masizi, na yeye mwenyewe huitikia.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu. Nadhani walinichagua kwa sababu mimi ndiye niliyeumia zaidi. Mimi ni mpiga rangi wa karakana. Modeli ikishaundwa na mafundi wa mbao na plastiki huja kwangu, nami huipaka rangi hadi ionekane imetoka kiwandani leo asubuhi. Kisha huenda meza ya pili, ambako kwa miaka yote hiyo Bi Masizi amekuwa akiichafua. Gari likitoka kwangu ni jipya. Likitoka kwake limeshafanya kazi miaka kumi, limenyeshewa, limegongwa na limewahi kukwama kwenye tope. Watu wakija kwenye maonyesho husimama mbele ya modeli na kusifu kutu. Sijawahi kusikia hata mmoja akisifu rangi iliyo chini ya kutu.

Alipoajiriwa alitokea kwa mwandishi wa mabango ya maduka, na kazi ya kwanza aliyopewa hapa ilikuwa lori la kubeba saruji. Fundi aliyekuwepo wakati huo alimkabidhi kopo la rangi ya kahawia na kumwambia alitie vumbi. Akaliweka kopo chini, akaaga, akaondoka. Tulidhani ameacha kazi kabla hajaianza. Kumbe alikwenda maegesho ya malori, akashinda huko amelala chali chini ya magari ya watu, akiwauliza madereva mguu gani hutangulia kuingia na mkono gani hushika mlango. Kesho yake alirudi, na gauni la jana halikufulika tena. Uchafu aliouweka kwenye lile lori haukuwa mwingi: chini ya mlango wa dereva, kuzunguka mfuniko wa tangi la mafuta, na mistari miwili nyuma ya matairi. Fundi aliyekuwepo alisema hajamaliza. Mwenye lori alipokuja kuichukua modeli aliuliza ni nani aliyelipiga picha gari lake.

Kwa wasomaji wasioijua kazi yetu, nieleze kwa kifupi. Modeli ikitoka kwangu hupigwa kwanza vanishi ya kung'aa. Juu ya vanishi hiyo Bi Masizi hupitisha rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi kama chai iliyoongezwa maji mara tatu. Sisi tunaiita mchuzi. Mchuzi huo huteleza juu ya vanishi na kujikusanya wenyewe kwenye mifereji, pembeni mwa misumari na chini ya kila kitasa, mahali ambapo uchafu wa kweli hujificha. Ukizidi, unafutwa kwa kitambaa chenye tapentaini, na vanishi iliyo chini hulinda rangi yangu isiguswe. Akisharidhika hupuliza vanishi ya pili, ile isiyong'aa, ambayo huua mng'ao na kufunga kila kitu. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Mgogoro wetu wa kwanza ulihusu gari la zimamoto. Nilikuwa nimelipaka nyekundu kwa majuma matatu, tabaka juu ya tabaka, hadi nikawa naona uso wangu ndani yake. Bi Masizi alilimiminia mchuzi mweusi mchana mmoja, tena huku akiimba. Sikumsemesha wiki nzima. Yeye hakugundua kwamba nimenuna, jambo lililonikera zaidi. Tangu siku hiyo, kila modeli iliyotoka mezani kwake nimelalamika kwamba mchuzi umezidi, naye kila mara hujibu kwamba mpiga rangi hata ukimwonyesha tone moja ataliita mafuriko. Malalamiko yangu yakawa kama kelele za kompresa: yanasikika, lakini hakuna anayegeuza shingo.

Kutembea naye barabarani ni adhabu. Husimama mbele ya kila bomba la maji machafu, kila ukuta ulionyeshewa, kila lango lenye bawaba inayochuruzika kutu. Binti yake alipoolewa, mama mtu alichelewa kuingia ukumbini. Alitafutwa huku na huko, akapatikana ameinama nyuma ya gari la maharusi, akichunguza jinsi vumbi lilivyopanda upande mmoja tu. Hakuona sababu ya watu kucheka.

Wapo wanaokumbuka ghala la nafaka. Mfanyakazi mpya wa usafi, mama mmoja mwenye bidii, aliingia chumbani kwetu, akaona ghala limejaa vumbi, akasikitika kwamba watu wazima wanafanya kazi katika hali ile, akalisugua kwa sabuni hadi likawa jipya. Lilikuwa bado halijafungwa kwa vanishi. Meneja alitaka mama wa watu aondoke siku hiyohiyo. Bi Masizi alikataa katakata, akasema huyo ndiye mkaguzi bora aliyewahi kuipitia kazi yake. Akalichafua upya, akamwita alione, na mama yule akaomba apewe tena kitambaa.

Mwenye kampuni ya mabasi naye aliwahi kuja juu. Alikuwa ameagiza modeli ya basi lake kwa ajili ya ofisi, na alipoona matope mlangoni na weusi wa moshi nyuma alisema amedhalilishwa. Bi Masizi hakubishana. Alimwuliza tu amekuja na gari gani, na bwana yule, aliyekuja na basi lake mwenyewe, alichungulia dirishani, akayaona matope yaleyale. Mwishowe aliagiza la pili. Safi liko ofisini, chafu liko sebuleni kwake, na tunaambiwa wageni huonyeshwa la sebuleni.

Lakini ukiniuliza kazi yake kubwa ni ipi, nitasema ni soko la zamani. Lilikuwa limeshaamuliwa libomolewe, na baraza la mji likataka modeli ya kumbukumbu. Alikwenda pale kila siku hadi matingatinga yalipoingia. Siku ya kuizindua modeli, wafanyabiashara wa lile soko walikuja wakaizunguka, na mmoja wao, mnoa visu, akaonyesha kwa kidole doa jeusi dogo kwenye nguzo ya mwisho. Akasema hapo ndipo alipokuwa akiegemea. Alirudia mara kadhaa, kwa kila aliyepita, na hakuna aliyemharakisha.

Amefundisha mafundi wanne. Watatu wako nasi mpaka leo, na wa nne amefungua karakana yake inayotunyang'anya wateja, jambo ambalo Bi Masizi analisimulia kwa fahari iliyopitiliza. Mumewe ni fundi cherehani, na karakana nzima humwita shemeji. Shemeji ni mtu wa nguo zilizonyooka, naye ameishi na mwanamke anayerudi kila jioni na weusi kwenye kucha. Husema wameelewana kwa sababu yeye anashona na mkewe anachakaza, kwa hiyo kazi haiishi.

Sasa nifike kwenye miaka miwili ya mwisho. Yeye mwenyewe ameniruhusu niieleze. Alisema nikiiruka, huu utakuwa wasifu wa mtu mwingine.

Msimu wa mvua wa mwaka juzi, Bi Masizi alianza kulalamikia ukungu. Lilikuwa lalamiko la kawaida. Vanishi isiyong'aa ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu huweka utando mweupe, kama pumzi kwenye kioo, na kila fundi hapa ameshawahi kuharibu kazi kwa namna hiyo. Kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Alipiga marufuku birika la chai karibu na chumba cha kupulizia, tukahamia kunywea chai koridoni. Aliomba hita, akanunuliwa hita. Akahamishia makopo stoo iliyo kavu. Mvua zikaisha, jua likawaka hadi mabati yakawa yanalia, na bado kila modeli aliyoifunga aliiinua kwenye mwanga na kusema ina ukungu.

Hapo ndipo lawama zilipomwangukia muuza vanishi. Ni bwana mmoja mpole mwenye duka kwenye kona ya barabara yetu, aliyelirithi kwa baba yake na pamoja nalo akaturithi sisi. Bi Masizi alimrudishia kopo la kwanza, la pili, la tatu, naye kila mara akabadilisha bila kuweka ngumu. Mwishowe Bi Masizi alimwambia meneja kwamba bwana yule anachakachua vanishi yake. Neno la Bi Masizi hapa halikuwa na rufaa. Tukaacha kununua kona, tukaagiza kutoka mbali, na ukungu ukabaki palepale.

Wakati huohuo mchuzi wake ulikuwa unazidi kuwa mzito. Kichwa cha treni tulichokabidhi makumbusho ya usafiri kilitoka kimekolea kutu na masizi hadi namba zake zikawa zinasomeka kwa taabu. Nililalamika. Akanijibu lile jibu lake la mafuriko. Nilikuwa nimelalamika karibu miaka thelathini, na mara hii, ambapo nilikuwa na haki, sikuwa na neno jipya la kutumia. Makumbusho walikipokea kwa shangwe na kukiweka kwenye kabati la kioo. Shemeji naye aliniambia baadaye kwamba nyumbani mkewe alikuwa akigomba eti nyuzi za siku hizi zimepauka, na kwamba taa za magari zilikuwa zikimchoma hadi akaacha kutoka baada ya giza kuingia.

Muuza vanishi alivumilia. Hasara ya mteja mmoja angeweza kuimeza, lakini habari kwamba anachakachua zilikuwa zimeshawafikia wapiga rangi wengine wa mtaa, na duka likaanza kudoda. Asubuhi moja alitujia na vibao vitatu vilivyopakwa rangi nyeusi, akaomba Bi Masizi aseme, mbele yetu sote, ni kipi chenye ukungu zaidi. Hakuja kwa shari. Alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kujua kosa lake ili alirekebishe. Bi Masizi alivipeleka dirishani, akavigeuza kimoja kimoja bila haraka. Akasema vyote vina ukungu, ila cha tatu kimezidi.

Bwana yule alikitazama kile kibao, kisha akamtazama Bi Masizi.

“Mama,” alisema taratibu, “hicho hakijapulizwa kitu. Ni rangi tupu.”

Bi Masizi alikisugua kwa kidole gumba. Akakisugua kwa pindo la aproni. Akanipa mimi, nikakitazama. Kilikuwa cheusi safi kama kilivyotoka koponi, nikamwambia hivyo. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani alikuwa akilifanya kwa muda mrefu bila sisi kulitilia maanani: akajifuta macho, akatazama tena. Akaketi. Muuza vanishi hakushangilia, ingawa alikuwa na kila sababu. Alisema mama yake alianza hivyohivyo, kwa kulaumu balbu za nyumbani, akaeleza hospitali aliyompeleka.

Kumbe ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Daktari alisema atatolewa, jicho la kulia kwanza na la kushoto baada ya mwezi. Kwa hiyo ukungu haukuwa kwenye vanishi hata siku moja. Na mchuzi ulizidi kwa sababu ule mwembamba hakuuona, akaongeza tabaka, na hilo nalo hakuliona vizuri, akaongeza jingine.

Meneja, kwa nia njema kabisa, alimwita ofisini na kumweleza kwamba amebakiza mwaka mmoja tu, kwamba anaweza kupumzika mapema kwa heshima zote na mafao yake yote, na kwamba hakuna atakayemlaumu. Hilo la kutolaumiwa ndilo lililomchoma. Mezani kwake kulikuwa na kivuko, modeli kubwa kuliko zote tulizowahi kuunda, urefu wa kitanda, ambacho makumbusho walikiagiza kwa ajili ya ukumbi wao mpya. Alikuwa ameshakimiminia mchuzi lakini hajakifunga, kwa kuwa hakuiamini vanishi yoyote. Aliomba kitu kimoja, kivuko kisiguswe hadi atakaporudi. Meneja alikubali, lakini alikubali kama mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Alirudi baada ya jicho la kulia kufunguliwa bandeji. Alisimama mlangoni akiishangaa aproni yake mwenyewe iliyotundikwa msumarini, maana alijua ni ya kijani na sasa anaiona ni ya buluu. Tukacheka, naye akacheka. Kisha akakifunua kivuko, na kicheko kikakatika. Kilikuwa kama chombo kilichoopolewa chini ya maji baada ya miaka ishirini, wakati sisi tuliagizwa chombo kinachovusha watu kila siku. Aliuliza ni nani aliyemwaga vile. Jibu alilipata mwenyewe kabla hatujafungua midomo. Akakifunika tena, akaenda moja kwa moja kwa meneja na kusema anakubali kupumzika mapema.

Wiki hiyo shemeji alinipigia simu. Mkewe alikuwa amefungia brashi zake ndani ya mfuko na kuutupa juu ya kabati, hasemi na mtu, na akiulizwa anajibu kwamba mkono umeondoka. Macho yanaweza kutengenezwa, alikuwa akisema, lakini mtu aliyekifanya kivuko vile ni mtu ambaye mkono wake umeondoka zamani, na watu wa karakana walikuwa wakimhurumia tu. Niliposikia hayo nilikasirika kwelikweli. Yule mwanamke nimemlalamikia nusu ya maisha yangu. Sijamhurumia hata dakika moja.

Siku moja kabla ya upasuaji wa jicho la kushoto, mimi na shemeji tulimpeleka makumbusho. Hakutaka. Nilimwambia kwamba kama anaacha kazi, basi angalau akaviage vitu vyake. Nia yangu ilikuwa atembee kwenye ukumbi ule, ambako wateja wetu wa zamani wamekuwa wakiweka modeli zao, aone lori, aone ghala, aone soko, akumbuke yeye ni nani. Kichwa cha treni nilitaka tukipite haraka. Yeye alikiendea moja kwa moja, hata viti vya wageni karibu avipige teke.

Alikitazama, akatikisa kichwa. Kutu ilikuwa imekilalia kama blanketi. Taa ya kabati ilikuwa kali na jicho jipya lilikuwa halijazoea mwanga, kwa hiyo akaliziba kwa kiganja na kubaki na lile la zamani. Akaondoa kiganja, akakirudisha. Akasogea hadi paji la uso likagusa kioo, akaziba jicho jipya, akalifunua, akaliziba tena. Mlinzi alianza kutusogelea. Shemeji alimwuliza kama anaumwa.

“Kwa jicho la zamani kiko sawa,” alisema. “Hakuna tone lililozidi. Kila mstari uko pale nilipotaka uwe.”

Akakishusha kiganja, akautazama mkono wake.

“Mkono haukuondoka,” alisema. “Ulikuwa unafuata nilichokuwa nakiona.”

Shemeji hajui mchuzi wala vanishi, lakini hilo alilielewa, na akalia palepale ukumbini, mtu mzima na koti lake lililonyooka. Mimi nilijishughulisha na kusoma maandishi ya ukutani, na sikumbuki hata neno moja la maandishi hayo. Tulipomwambia turudi nyumbani, kwa kuwa kesho yake ana shughuli, alikataa. Alisema mtoto wa jicho anatolewa asubuhi, na baada ya hapo hakuna mtu duniani atakayeweza kukiona kile kichwa cha treni kama kilivyokusudiwa. Tukasubiri. Alisimama pale amejiziba jicho moja, akikitazama, hadi mlinzi alipotikisa funguo.

Baadaye makumbusho walijitolea kukirudisha akirekebishe. Alikataa, akasema ile ni kazi iliyokwisha na haina kosa.

Aliporudi kazini na macho mawili, jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba meneja amsamehe kwa kumsumbua na kufuta yale ya kupumzika mapema. La pili, alikwenda duka la kona, akaketi kwenye stuli katikati ya wateja, na kusema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kwamba vanishi ya bwana huyu ni nzima, haijawahi kuchakachuliwa, na aliyesema vinginevyo ni yeye, naye alikosea. Kisha akawazungukia wapiga rangi wa mtaa mzima akirudia maneno hayohayo. Tunaambiwa mwenye duka aliona haya kuliko yeye. Siku hizi wateja wake wamerudi, na sisi tumo.

Kivuko alikifuta chote. Kwa kuwa hakikuwa kimefungwa, mchuzi wa zamani uliachia kwa tapentaini, na chini yake rangi yangu ikaibuka, nyeupe na buluu, haijapata hata mkwaruzo. Ilikaa wazi siku chache, na nilikwenda kuitazama mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Naye aliisifu. Alisema hakuwa amejua kwamba nyeupe yangu ni nyeupe namna ile, na kwamba itamuuma kidogo kuichafua. Halafu akaichafua. Alianza upya kwa mchuzi mwembamba, akauacha ukauke, akaufuta kuelekea chini, maana mvua haipandi juu, akaongeza tena pale tu ambapo kamba husugua, ambapo abiria hukanyaga, na chini ya bomba la injini. Ilimchukua miezi. Siku moja nilipita nikasema umezidi, nikajibiwa kuhusu mafuriko, na nilifurahi kujibiwa vile kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Alikifunga wiki iliyopita, siku kavu, kwa kopo lililonunuliwa kona. Asubuhi iliyofuata tulikusanyika wote, meneja, mafundi, shemeji na muuza vanishi mwenyewe, ambaye alikuwa amefunga duka kwa ajili hiyo na kusimama nyuma kabisa karibu na mlango. Bi Masizi alikizunguka kivuko mara moja. Akafumba jicho la kushoto, akatazama. Akafumba la kulia, akatazama. Akamgeukia muuza vanishi na kumwambia kwamba hakuna ukungu.

Bi Masizi, karakana inakushukuru kwa kazi yako, kwa ukali wako na kwa mafundi uliotuachia. Shemeji, tunakushukuru kwa kutuazima mkeo muda wote huu na kutulipia sabuni. Kuanzia Jumatatu meza ya pili itakuwa na fundi mwingine, hodari, uliyemfundisha mwenyewe, nami nitamlalamikia kwa sababu ni wajibu wangu. Sitaficha kwamba nina huzuni. Nenda kapumzike. Tunakutakia siku nyingi zilizo wazi, na macho mema ya kuziona.